Marahaba ya Kapteni Adelard

Kapteni Adelard Mutashobya Byabato, mwana wa Valerian Byabato, mjukuu wa Kaijage. Kaijage alisimama mbele ya mkama, mfalme wetu wa Kihaya, na mkuki mkononi akajigamba kwa chui aliyemuua, na waliokuwepo walisema chui mwenyewe alikuwa kibogoyo, amejifia kwa uzee, babu yetu akamkuta. Valerian alikuwa mtu wa kwanza kijijini kwetu, kule Kamachumu, kumiliki baiskeli, akafa bila kujifunza kuipanda; kila Jumapili aliisukuma mpaka kanisani, akairudisha akiisukuma, kavaa kofia. Na Adelard, wa tatu katika ukoo huu wa mashujaa, alirusha ndege ndogo kati ya Dar, Unguja na Mafia kwa miaka mingi, akatua salama kila mara. Hilo simnyimi. Ila ukimsikiliza yeye mwenyewe utadhani mawingu yalikuwa yakisimama pembeni kumpisha.

Mie ni Tekla, dada yake. Nilimbeba mgongoni akiwa hajaota jino, akanikojolea kila siku, kwa hiyo ile mistari minne ya dhahabu mabegani mwake haijawahi kunitisha. Shule yangu iliishia darasa la saba. Ninachoandika hapa nimekiona kwa macho yangu na kukisikia kwa masikio yangu, na masikio yangu, namshukuru Mungu, yanafanya kazi.

Rubani si kama mie na wewe, tunaokwenda hospitali tukiumwa. Rubani anakwenda akiwa mzima, apimwe, aambiwe kuwa ni mzima, apewe cheti. Wenyewe wanakiita medikali. Bila cheti hicho leseni yake ni karatasi ya kufungia karanga. Kwa umri wa ndugu yangu, safari hiyo ilikuwa kila miezi sita, na ndiyo maana katika familia yetu mwaka ulikuwa na Kwaresima tatu: moja ya Kanisa, mbili za Kapteni.

Kwaresima ya Kapteni ilianza kwa bia kukoma. Baa aliyokuwa akikaa pale Sinza walijua. Mhudumu alikuwa akimletea maji bila kuagizwa, wakitazamana na wenzake na kubana vicheko. Chumvi marufuku. Nyama marufuku. Alfajiri utamkuta barabarani na bukta, miguu kama ya korongo, anatembea mbio mbio huku amejishika mkono kuhesabu mapigo. Matango alikuwa akila kama mbuzi. Ukikutana naye atakusimamisha akuambie presha yake ni ya kijana. Siku ya cheti ikipita, jioni ile ile utamsikia tangu barabarani, mbuzi choma mezani na chupa zimejipanga: "Daktari kasema nina moyo wa farasi!" Watu wanapiga makofi. Mtu anajizuia kula chumvi wiki mbili ili amdanganye daktari, kisha anapigiwa makofi. Ndiyo watu wa mji huu, wakiona shati jeupe lenye mistari mabegani wanapoteza akili.

Daktari wake alikuwa mzee Sadruddin, Mhindi mstaarabu mwenye zahanati yake Kinondoni, aliyeidhinishwa kupima marubani tangu Adelard ana nywele. Walikuwa wameshazoeana mno. Mkojo kwenye kikopo, nyaya za moyo kifuani, herufi za ukutani, kile kitabu cha madoadoa ya rangi, yote hayo alikuwa akiyafanya sawasawa. Ikifika zamu ya masikio, chai inaingia. Sadruddin anamtazama usoni, anamuuliza, "Kapteni, unasikia vizuri?" Naye anajibu, "Kabisa, daktari, mpaka mbu." Wanacheka, sahihi inapigwa. Hicho ndicho kilichokuwa kipimo.

Sasa, kwamba masikio yake yalikufa, hilo si aibu. Mtu aliyekaa ubavuni mwa injini miaka yote ile hawezi kutoka na masikio aliyozaliwa nayo. Mkewe, Bupe, alishaacha kumsemesha. Akitaka kitu anamvuta shati. Aibu ni dawa aliyojitengenezea Adelard mwenyewe.

Dawa ilikuwa salamu. Mtu mzima hapa mjini anaamkiwa kutwa nzima, shikamoo huku, shikamoo kule. Adelard akagundua kwamba mtu yeyote mdogo kwake akifungua mdomo mbele yake, mara nyingi anamwamkia. Basi akaacha kusikiliza. Akiona midomo inacheza tu, anajibu, "Marahaba." Akihisi mtu yuko nyuma yake, "Marahaba." Na kwa kuwa kila mtu alimwona mkubwa, kwa muda mrefu jibu lile lilikuwa likiangukia mahali pake.

Aliyemgundua kwanza si mie, ni Salumu fundi viatu, pale nje ya baa. Salumu alimwambia kwa nia njema kabisa, "Kapteni, umekanyaga kinyesi."

"Marahaba, mwanangu, marahaba."

Salumu akaweka sindano chini. Kisha akatazama wenzake, shetani akamwingia. "Kapteni, mkeo kaolewa Tandale!"

"Marahaba. Hamjambo nyumbani?"

"Hatujambo! Bwana harusi anakusalimia!"

"Haya, asanteni sana."

Wakacheka mpaka mmoja akakaa chini. Adelard naye akacheka, maana aliona meno yao, akadhani wanafurahi kumwona. Tangu siku hiyo ukawa mchezo wa mtaa. Yeye akapita kifua mbele akizigawa marahaba zake kama askofu anavyobariki watu.

Nilisikia habari hizo nikasema ni chuki za walevi. Mpaka akaja kwangu Mwananyamala, asubuhi nimetoka kupiga deki sebule. Nikamwambia, "Adelard, vua viatu, sakafu mbichi."

"Marahaba," akasema, akaingia na viatu vyake.

Mie! Mdogo wangu wa tumbo moja, niliyemfuta makamasi, ananijibu mie marahaba! Sikuuliza mara mbili. Nilimshika sikio nikalivuta mpaka uso wake ukaja mbele ya wangu.

"Nani kakuamkia, mpumbavu wewe? Mie ndiye wa kukuamkia wewe?"

"Shikamoo, dada! Shikamoo! Nilidhani..."

"Ulidhani nini?"

Hakunitazama machoni. Alikuwa akitazama midomo yangu, vile mtu anavyotazama chungu kinachotaka kufurika. Hapo nikajua. Nikaziba mdomo kwa upande wa khanga, nikasema humo ndani ya khanga, "Adelard, nyumba inaungua." Akatabasamu.

Nikakaa kwenye kochi. Nilichofikiria wakati ule si yeye, ni mwanangu. Mtoto wangu wa mwisho, Blessing, ni rubani msaidizi. Kampuni ile ile, ndege ile ile, kiti cha kulia, mjomba wake kiti cha kushoto. Mara nyingi nilikuwa nikimuuliza, "Huko juu mnaongea nini na mjomba wako?" naye ananijibu, "Mama, kazini ni kazini." Nilidhani ni heshima ya kazi. Kumbe alikuwa ananifumba macho.

Siku ile Adelard alikuja na shida, ndiyo maana alikuja asubuhi. Mzee Sadruddin kastaafu. Zahanati kamwachia bintiye, Daktari Tayyaba, na marubani wenzake walishaanza kunong'ona kwamba binti huyo hana chai. Anakukalisha umempa mgongo, anasimama nyuma yako, anasema maneno kwa sauti ya kawaida, na wewe unayarudia. Usipoyarudia, hakuna cheti.

"Ni ushamba tu," Adelard akasema, akipiga piga goti. "Rubani anasikia kwa hedifoni. Nani anasikia kwa mgongo?"

"Abiria aliye nyuma yako akipiga kelele kwamba kuna moto, utasikia kwa kitu gani?"

"Eeh, ndiyo hivyo, dada," akanijibu, maana hakusikia hata neno.

Alianza kwa dawa za sokoni. Alivaa miwani ya jua, akaenda Tandale kwa Rukaiya anayeuza mizizi na mafuta, kama kijana anayefuata dawa ya aibu. Rukaiya mwenyewe ndiye aliyenisimulia. Alimchungulia masikio yote mawili akamwambia, "Baba, haya yamechoka yenyewe. Sikio la kufa halisikii dawa."

"Marahaba, mama."

Rukaiya akashika kiuno. Akasema basi, aliyeitikia ndiye aliyeomba, akamtilia mafuta ya ufuta yaliyochemshwa na kitunguu saumu. Kapteni akatembea siku tatu akinuka kama mchuzi, kola nyeupe imelowa, na uziwi wake haukupungua hata chembe.

Ndipo akaja na mpango. Aliueleza akiwa amesimama katikati ya sebule yangu, mikono ikichora hewani, kama anaeleza jinsi ya kuvuka dhoruba. Mie nimsindikize. Mama mtu mzima hafukuzwi chumbani, nitasema nina kizunguzungu siwezi kukaa peke yangu nje. Nitakaa mbele yake. Daktari akisema neno kule nyuma, mie nilirudie kwa midomo bila sauti, yeye alisome.

Nilisimama mbele yake, nikasema kwa nguvu: "Mie sifanyi. Umesikia? Midomo yangu haina kazi hiyo. Ukianguka na ndege, wangapi wanaanguka nawe? Mwanangu yumo humo!" Hasira ilinifanya nigeuze uso nikisema, nikatazama dirisha, sikutaka kumwona.

Alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Asante, dada. Nilijua hutaniangusha."

Huo ndio uziwi wa ndugu yangu. Hata kukataliwa hakukumfikia.  Basi nikasema moyoni nitakwenda, nikaone kwa macho yangu mjukuu wa Kaijage anavyomkuta chui aliye hai.

Zahanati ilikuwa safi, inanuka dawa ya sakafu. Daktari Tayyaba alikuwa binti mdogo, ushungi wa rangi ya maziwa, miwani, sauti ya chini lakini haina kigugumizi. Akaniinamia. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Na yangu ilikuwa imeamkiwa kweli.

Adelard alipita vipimo vya mwanzo kama anayecheza ngoma. Alivuta pumzi, akatoa. Alisoma herufi mpaka zile za chini. Alitaja namba kwenye madoa ya rangi kabla ukurasa haujatulia. Presha yake ilikuwa nzuri. Alinitupia jicho kana kwamba mie ndiye niliyeipinga. Kisha Daktari Tayyaba akamwonyesha kigoda.

"Kaa hapa, Kapteni. Unipe mgongo."

Akakaa. Nami nilikuwa kwenye kiti, mbele yake, kama alivyopanga. Daktari akarudi nyuma hatua kadhaa, akasimama karibu na mlango, akasema kwa sauti ile ile aliyokuwa akiongea nayo tangu tuingie: "Sitini na nne."

Adelard akanikazia macho. Mie nikakaza midomo.

"Kisima kirefu," akasema daktari.

Adelard akanyanyua nyusi. Akachezesha kidevu kuniamrisha, kama mtu anayehimiza punda. Nikachukua upindo wa khanga nikajifunika mdomo wote, nikabaki macho.

Nilimwona anavyobadilika. Alitazama khanga yangu, akatazama ukuta, akatazama tena khanga. Jasho likamtoka juu ya mdomo. Nyuma yake binti wa watu alikuwa akisubiri, ametulia, na ukimya ulipokuwa mrefu Adelard akahisi kwamba kuna kitu kimesemwa na kinadai jibu. Akajiweka sawa. Akatoa sauti yake ya baa, nene, ya baraka:

"Marahaba."

Kalamu ya daktari ikasimama. "Kapteni," akasema taratibu, "kama unanisikia, inua mkono wa kulia."

"Marahaba, binti yangu. Marahaba."

Nilikuwa nimejiandaa kucheka. Nilikuwa nimekuja na kicheko changu tayari tangu nyumbani. Lakini kilipofika kooni kikagoma, nikabaki nimeshika khanga mdomoni kama mtu anayezuia kutapika. Ndivyo alivyo mtu wa damu yako, hata kumdharau hakupi raha kamili.

Daktari hakucheka wala hakusonya. Alimpeleka kwenye kijichumba chenye kioo, akamvisha hedifoni, akampa kitufe: ukisikia mlio, hata mdogo, bonyeza. Adelard akabonyeza. Akabonyeza tena. Akabonyeza kama anayetwanga kisamvu. Daktari akafungua mlango, akaja mbele yake, akasema akimtazama, "Kapteni, mashine bado sijaiwasha."

Baadaye tukakaa mezani. Daktari alimkalisha Adelard apate kuiona midomo yake vizuri, nami nikajua kwamba binti huyu alishaelewa kila kitu, mpaka kwa nini mama mwenye kizunguzungu alikuwa amekaa pale.

"Leo sikupi cheti," akasema. "Masikio yote mawili yamepungua sana. Nenda kwa daktari wa masikio, uvalishwe kifaa cha kusikia. Kisha urudi nikupime nacho, na utapimwa ndani ya ndege pia. Wapo wanaoruhusiwa kuendelea hivyo. Sikuahidi, lakini njia ipo."

"Kifaa!" Adelard akaruka. "Nining'inize kidude sikioni kama bibi kizee? Abiria wanione? Baba yako asingenifanyia hivi."

"Baba alikuwa rafiki yako, Kapteni. Abiria wako hawana rafiki ndani ya chumba hiki. Wana mie tu."

"Unanong'ona!" akafoka. "Mwanamke huyu ananong'ona makusudi!"

"Matokeo nitayapeleka mamlaka ya usafiri wa anga," daktari akasema, akasimama kutufungulia mlango.

Garini hakunisemesha. Alikuwa amekasirika kwa ajili ya khanga yangu. Nyuma yetu watu walipiga honi mpaka basi, yeye yuko katikati ya barabara ametulia kama amepanda punda wa Yesu. Tulipofika kwangu ndipo akatoa alichokuwa akikitafuna njia nzima.

"Cheti cha zamani bado kina siku zake," akasema. "Hakijaisha. Kesho asubuhi nina abiria wa Mafia. Nitakwenda. Mpaka karatasi za yule binti zifike huko zinakokwenda, mie nina cheti mkononi."

Blessing alikuwa amekaa barazani, bado na sare yake, ametoka zamu ya mchana. Aliposikia hivyo akasimama.

"Shikamoo, Mjomba. Cheti si tarehe tu. Ukishajua huna afya ya kuruka, huruki, hata kama tarehe bado. Ndiyo sheria, wewe ndiye uliyenifundisha."

"Marahaba, marahaba. Zamu ilikwendaje?"

Ilibidi amsogelee arudie kwa sauti kubwa. Na hapo ndipo siri yote ya Kapteni Adelard ilipokufa, maana siri ya kiziwi haina ukuta. Huwezi kumnong'oneza. Kila neno lilitoka barazani kwangu, likaruka ua, likaenda mpaka kwa muuza mkaa. Mikono ya wanawake wa jirani ikasimama kwenye mabeseni ya nguo.

"HUNA MEDIKALI, MJOMBA! HUWEZI KURUKA KESHO!"

"Punguza sauti, we mtoto! Unataka watu wasikie?"

"NIKIPUNGUZA HUSIKII!"

Mtu akacheka huko nyuma ya ua. Nami nikamgeukia mwanangu, maana dharau yangu siku ile ilikuwa inatosha watu wawili. "Na wewe! Tangu lini unajua?"

Akainamisha kichwa. Kumbe zaidi ya mwaka yeye ndiye aliyekuwa akiongea na mnara. Waongoza ndege wakisema kitu, anamwonyesha mjomba wake kwa vidole: juu, chini, subiri, zunguka. Wamejipatia lugha yao ya mikono kama mabubu, na abiria nyuma wanapiga picha mawingu. Wazee walisema masikio hayazidi kichwa. Katika ndege ile yalizidi, na kichwa ndicho kilichovaa mistari minne.

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesemaje, mama? Mjomba ndiye aliyeniingiza kazini. Ningeanzia wapi?"

"Ungeanzia kwangu! Unaogopa mistari ya begani kuliko bahari?"

Adelard alikuwa akitugeukia huku na huku, mara mie, mara Blessing, akikosa nusu ya kila neno. Akakata shauri kama afanyavyo siku zote, kwa kuanza kuongea yeye. "Basi, basi. Mnapenda makelele. Blessing, piga simu kwa mkuu wa marubani. Mwambie nina malaria. Nipumzike wiki moja, ishu itakuwa imepoa, nitaongea na watu wangu."

"Malaria ya masikio?" nikamuuliza.

"Dada, usiingilie mambo ya kitaalamu."

"Utaalamu gani? Wa kuitikia usichoamkiwa?"

Blessing hakuwa akicheka. Alikuwa ametugeuzia mgongo sote wawili, ameshika nguzo ya baraza, na mabega yake yalikuwa yakitetemeka. Akasema neno, kwa sauti ya kawaida, wala si kubwa. Mie nililisikia. Muuza mkaa nadhani alilisikia. Adelard aliona mabega tu yanacheza.

Nilimwona anavuta pumzi. Nilimwona mdomo unajiandaa kwa lile jibu lake. Ukafunguka, haukutoa kitu. Akaangalia mgongo wa yule mtoto. Kisha akanigeukia, na kwa mara ya kwanza tangu uziwi umwingie akauliza swali ambalo mtu yeyote mwenye akili angekuwa ameliuliza siku nyingi:

"Dada, kasemaje?"

Mie simpambi mtu. Nilikwenda nikasimama mbele yake, nikaishusha khanga chini ya kidevu, nikampa neno moja moja bila sauti, kwa midomo ile ile niliyomnyima kwa daktari, asome mwenyewe. Nikasema: Amesema, naogopa kuruka na wewe, Mjomba. Kila siku naogopa.

Alisoma. Nilijua amesoma kwa sababu alitazama chini, kwenye viatu vyake vilivyong'arishwa, akatafuta kiti kwa mkono bila kukiona. Usidhani alilia. Watu wa ukoo wetu hawana adabu hiyo. Alikaa tu, tumbo likamwangukia mapajani, mistari ya begani imepinda, akawa mzee wa kawaida wa Mwananyamala anayesubiri kuletewa chai. Huko nje Salumu, aliyekuwa amepita kufuata viatu vya jirani, akaita, "Pole, Kapteni!" na hakuna aliyejibu.

Simu ya Blessing ikaanza kuita. Alikuwa mkuu wa marubani mwenyewe, anataka kuthibitisha safari ya Mafia. Blessing akaishika kiganjani, akamgeukia mjomba wake ili auone uso wake, akanyanyua simu aone jina lililoandikwa.

"Nimwambie nini?"

Adelard alipangusa mdomo. Akanitazama mie, labda akingoja nimtetee. Nikamtazama mpaka akaacha.

"Pokea," akasema. "Mwambie sina cheti. Usitaje malaria. Mwambie nimeshindwa kwa masikio, na kesho akutafutie kapteni mwingine, wewe ukae kiti chako. Akiuliza tangu lini, mwambie tangu lini. Yote. Simama hapa mbele yangu umwambie, nione ukisema."